Dagaa wa Leo na Haki Zote Zimehifadhiwa

Juzi mlinipa saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mlinipa pia kanga, jagi na hotuba. Katika hotuba Mratibu wetu mpya aliniita hazina, neno ambalo hapa wilayani mtu huambiwa siku anapoondoka, si siku anapoomba rimu ya karatasi. Kisha mkaniomba niandike niliyoyaona kazini ili ninyi vijana wa kituo mpate cha kujifunza. Nimekubali, ila vyeo sitaviandika. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe, kama ilivyo desturi ya majalada, halionekani.

Nilifika hapa Kituo cha Walimu Bariadi miaka ile soko huria lilipoanza kutufikia. Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Sisi tulihesabiwa Shinyanga, na Lamadi ilikuwa Mwanza, ingawa dagaa wake walivuka mpaka kila siku ya gulio bila kumwuliza mtu. Ghafla kila kitu kikawa na wauzaji wengi. Magazeti, yaliyokuwa machache yakisema jambo moja, yakawa mengi, na kila moja likamwita mwenzake mwongo. Redio za watu binafsi zikaanza kutuimbia sabuni. Wanunuzi wa pamba wakaja na magari ya vipaza sauti, kila mmoja akitangaza kwamba bei yake ni ya juu kuliko ya wote, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu aliona haliwezekani.

Wakubwa huko juu wakaona hatari, wakaagiza watoto wafundishwe kusema, kusikiliza, kusoma magazeti na kuyapima matangazo. Walituletea mwongozo wenye jalada zuri. Wakasema vitabu vinafuata. Hivyo vya Serikali, ninapoandika haya, bado vinafuata.

Siku ya kwanza nilikuja na sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino, nikidhani nimeitwa ofisini. Mwalimu Shigela, mkuu wa kituo, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye visigino, akanipa tambara lenye wino, akaniambia nifute mashine. Alikuwa mwembamba, mkali, na mchoyo wa wino kuliko wa chakula. Alinifundisha kazi yote niliyoijua baadaye, na katika miaka yote ile sikumsikia akimsifu mtu aliyekuwa chumbani.

Mashine yenyewe ninyi mmeiona tu ikiwa imefunikwa turubai stoo, nyuma ya kompyuta zilizokufa. Yenyewe haijafa. Unachapa maneno kwenye stensili kwa taipureta iliyotolewa utepe, ili herufi zitoboe ule utando wa nta. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayolevya, unapuliza, unachapa tena. Kisha unaivisha stensili kwenye mashine, unatia wino, unazungusha kwa mkono. Ukienda haraka wino unatapakaa, ukienda polepole karatasi inatoka na nusu ya somo. Shigela alisema mwendo unaotakiwa ni wa mtu anayekwenda kwenye msiba wa jirani asiyempenda: asikimbie, na asichelewe. Stensili zilizotumika tulizipangusa kwa magazeti, tukazianika kwenye kamba ndani ya chumba, zisubiri mwaka unaofuata. Mgeni mmoja kutoka wizarani alichungulia mlangoni akauliza kama kituo kina bweni.

Karatasi zetu zilikuwa na sheria mbili, zote za Shigela. Ya kwanza tuliichapa chini ya kila ukurasa: ruksa kunakili, kubadilisha na kugawa. Mwalimu alichukua somo, akatoa mfano usiomfaa, akaweka wa kijijini kwake, akampitishia mwenzake. Hatukuandika jina la mtunzi wala mwaka, kwa sababu Shigela aliyaona hayo ni majivuno yanayokula wino. Leo mnayaita mambo haya rasilimali huria za elimu, na mnapelekwa semina mjini, mnalala hotelini, mnarudi na mikoba yenye maandishi, ili mfundishwe kwamba mwalimu anaweza kumwazima mwalimu mwenzake somo. Sisi tulikosa mikoba tu.

Sheria ya pili ilisema asiandikwe mtu ambaye huwezi kukutana naye gulioni. Tukitaka mfano wa mtu anayetia chumvi, awe mtu wa kweli, aambiwe, akubali kutaniwa, na jibu lake lichapwe kwenye karatasi ileile. Shigela aliitoa sheria hii kwenye ngoma. Wanaotoka nje hawajui, lakini huku kwetu vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikikutana baada ya mavuno hutoleana maneno kwa nyimbo hadi mgeni anatafuta njia ya kutokea. Ila kila upande una zamu. Anayeimba tusi lake akaondoka kabla ya kujibiwa hahesabiwi kuwa ameshinda. Anahesabiwa kuwa amekimbia.

Na hapo ndipo tulipowapata watoto. Mwanzoni tulijaribu mdahalo kama mwongozo ulivyotaka. Mtoto alisimama, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, wanahoja wenzangu," akatafuta maneno mengine darini, akayakosa, akaketi. Tukawagawa Bagika na Bagalu, tukawaambia hoja ni kama redio inasema kweli kuliko gazeti. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani darasa linaungua.

Karatasi iliyosafiri kuliko zote aliitunga Mabula. Alikuwa mwalimu kijana wa Zagayu, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko wa kuku, aliyekuja kituoni kwa baiskeli na kurudi na karatasi amezifunga kwenye mfuko wa mbolea zisilowe. Pale Zagayu walimu walikuwa haba, na darasa la saba lote la Kiswahili lilikuwa lake. Somo lake lilihusu Nyanzobe, mama wa Lamadi aliyeleta dagaa wakavu kwenye gulio la Bariadi na kuita tangu asubuhi kwamba ni dagaa wa leo, wametoka ziwani alfajiri hii. Wanafunzi waliulizwa: nani anasema, anataka nini kwako, ni lipi hajalisema, na wewe utajuaje? Watoto wa wafugaji, ambao ziwa walilisikia tu, waligundua wenyewe kwamba dagaa hawezi kuvuliwa alfajiri akawa amekauka asubuhi hiyohiyo.

Mabula alikuwa amemsomea Nyanzobe somo zima palepale kwenye meza yake, na Nyanzobe alicheka hadi akakaa chini. Jibu lake likachapwe, akasema, na likachapwa: "Mimi nasema wa leo kwa sababu leo ndiyo siku unayomnunua. Jana yake ni yangu, leo yake ni yako. Ukiwa na shaka, nusa. Pua hukupewa ya kuvalia miwani." Watoto waliligombania jibu hilo kuliko swali. Nusu walisema ametia chumvi, nusu walisema ameeleza ukweli wake, na huo ndio ugomvi tuliokuwa tunautaka.

Shigela alipostaafu na kwenda kuchunga ng'ombe wake na kutusema, kituo kikabaki mikononi mwangu. Ndipo akaja mwandishi wa kampuni moja ya vitabu ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, maana ina mawakili na mimi nina pensheni. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vyake vinang'aa hata baada ya barabara yetu. Alisema anatafuta uzoefu wa walimu wa mikoani. Tulimpa chai, tukamchinjia kuku, tukampa seti nzima ya karatasi, na mfuko wa kuzibebea. Walimu waligombania kumweleza. Sikuona vibaya, na hata leo sioni. Ukishasema kitu ni cha wote, mwizi naye ni mmoja wa wote.

Kitabu kilikuja baadaye, kizuri, chenye picha za rangi na ithibati ya wakubwa. Karatasi zetu zilikuwamo nyingi, zimenyooshwa lugha na kuvishwa tai. Ya Nyanzobe ilikuwamo na jina lake. Ila kichwa cha somo kilikuwa "Mfanyabiashara Mdanganyifu," kulikuwa na picha ya mama mnene anayetabasamu kama fisi, na swali la kwanza liliuliza: kwa nini Nyanzobe ni mdanganyifu? Jibu lake walikuwa wamelitoa. Nadhani halikuenea kwenye ukurasa, maana picha ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa kitabu paliandikwa kwamba haki zote zimehifadhiwa na hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote.

Zagayu walipata vitabu vichache, watoto wakawa wanavizunguka kama moto wa baridi. Mabula akaendelea kufanya alichokuwa akifanya siku zote, akaja kwangu, akarudufu somo lake, akagawa. Siku moja wakala wa kampuni akapita shuleni kuona kitabu kinavyopendwa, akakuta darasa zima limeshika karatasi. Alikwenda moja kwa moja kwa Afisa Elimu wetu wa wakati ule, akashtaki kwamba mwalimu anaiba kitabu na kukigawa bure.

Afisa Elimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa muhuri. Jambo lenye muhuri lilikuwa kweli, lisilo na muhuri lilikuwa uvumi, na kitabu kilikuwa na mihuri, karatasi zetu hazikuwa na hata mmoja. Alimwandikia Mabula barua ya kumwita, ikisema asipojieleza vya kutosha jina lake litapelekwa juu aondolewe kwenye ualimu. Mabula aliniletea barua hiyo. Alikuwa hajui kazi nyingine, na nyumbani kwao wadogo zake wote walimtegemea. Mimi nilichofikiria usiku na mchana ni lile darasa la saba: mtihani unakuja, na mwalimu wao anaondolewa kwa kosa la kuwafundisha.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa siku ya gulio. Kabla ya kwenda nilipita kwenye meza ya Nyanzobe nikamsomea ule ukurasa wa kitabu. Kumbe watoto wa mjini walikuwa wameshaanza kumwita mdanganyifu wakipita, naye alidhani ni utovu wa adabu tu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jibu lake liko wapi. Nikamwambia wamelitoa. Alifunika dagaa wake kwa gunia, akamwachia jirani meza, akajifunga kanga kiunoni, akanifuata.

Ofisini alikuwamo Afisa Elimu, bwana mmoja wa kampuni aliyetoka Dar es Salaam kwa kazi hiyo, na Mabula aliyekalia ukingo wa kiti. Nyanzobe aliambiwa asubiri nje, akasimama mlangoni. Mabula alieleza kwamba karatasi yake ilitangulia kitabu. Afisa Elimu akamwuliza uthibitisho: jina lake liko wapi, mwaka uko wapi? Havikuwapo. Nilimkumbuka Shigela na uchoyo wake wa wino, na sitaandika nilichomwambia kimoyomoyo. Nilieleza mimi kama kituo, nikaambiwa kituo nacho kina kesi ya kujibu. Yule bwana akaweka kiganja juu ya kitabu, akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kushinda:

"Kila neno lililomo humu ni mali ya Kampuni, mzee. Kila neno."

"Mwangaluka," akasema Nyanzobe, akaingia.

Afisa Elimu, Msukuma aliyelelewa vizuri, aliitikia salamu kabla hajakumbuka kumfukuza.

"Mimi ndiye Nyanzobe," akamwambia yule bwana. "Nimo humo ndani. Umesema kila neno ni mali yenu, baba. Mimi nimekuwa mali yenu tangu lini?"

Yule bwana alicheka kidogo, akasema ni jina la mfano tu, mama.

"La mfano, na linauza dagaa? Toka nje mwambie mtu yeyote amlete Nyanzobe wa dagaa, uone watakuletea nani." Hakupandisha sauti. "Huyu mwalimu alinisema mbele yangu. Nikamjibu, akaliandika jibu langu, tukacheka, na dagaa akanunua. Ninyi mmenisema kwa watu nisiowaona, halafu mmenikata ulimi. Watoto wananiita mdanganyifu na mimi nina wajukuu shuleni. Nijibu wapi, baba? Nionyeshe ukurasa wa kujibia."

Yule bwana alifungua kitabu kana kwamba ukurasa huo huenda umo. Afisa Elimu aliangalia dari, kisha dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona watu wawili wenye mihuri wakikosa pa kuigonga. Mwishowe bwana wa kampuni akasema Kampuni haina nia ya kuendelea na lalamiko, akaomba maji ya kunywa. Nyanzobe akasema asante, akaondoka, dagaa wasije wakawa wa jana.

Mngedhani yameisha. Ninyi bado vijana. Afisa Elimu alisema jalada limeshafunguliwa na haliwezi kufungwa tupu, lazima kiwemo kitu. Mshtakiwa aandike barua ya kuomba radhi, la sivyo jina linakwenda juu kama lilivyopangwa. Mabula aliuliza aombe radhi kwa kosa gani. Akajibiwa kwamba hilo atalijua yeye mwandishi. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Mwenye mali aliyeibiwa anaambiwa amwombe radhi mwizi, tena kwa nakala mbili. Nilimshauri Mabula akatae. Aliniangalia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wewe ukikataa unabaki na kituo. Mimi nikikataa wale watoto wanabaki na ubao."

Barua aliiandika, nikamchapia kwa sababu ya ule mwandiko. Ilikuwa fupi:

"Mheshimiwa, naomba radhi kwa kufundisha somo nililolitunga mwenyewe kabla sijajua kwamba litakuja kuwa la wengine. Naomba radhi pia kwa kuwapa wanafunzi jibu la Mama Nyanzobe, ambalo Kampuni iliona halifai. Naahidi kwamba siku nyingine nikitunga somo nitajitahidi liwe baya, ili asilitamani mtu."

Niliogopa kuipeleka. Mabula aliipeleka mwenyewe. Afisa Elimu alisoma "naomba radhi," akaona inatosha, akagonga muhuri kwamba imepokelewa. Jalada likafungwa likiwa limeshiba. Kampuni nayo ilirekebisha toleo lililofuata: Nyanzobe akawa Mwanahawa, dagaa wakawa nyanya. Jibu halikurudishwa, kwa kuwa nyanya haikuwa imesema kitu.

Wiki iliyofuata Mabula akaja kituoni kuomba stensili. Nilidhani ameacha mambo yale. Akaniambia muhtasari unataka barua rasmi zifundishwe, na yeye anayo moja yenye muhuri wa Afisa Elimu. Niliitazama ile nakala, nikamwambia watamla mzimamzima. Kisha nikafunga mlango, nikawasha taa, nikamchapia stensili mwenyewe, na sijawahi kuchapa bila kosa namna ile. Karatasi hiyo ilifika shule ambazo hata sisi hatukuwa na njia ya kuzifikia. Walimu wa Kimali, kule Meatu, waliipata kwa watu wa mnadani ikiwa imefungiwa tumbaku, wakaikunjua, wakaifundisha.

Muda si mrefu Afisa Elimu akafanya ziara ya shule, na Zagayu ikawa kwenye ratiba. Niliandamana naye, nikiomba kimoyomoyo gari letu likwame, maana kwa kawaida hukwama lenyewe bila kuombewa. Halikukwama. Tuliingia darasa la saba na barua ilikuwa ubaoni, yote, kwa mwandiko wa kuku wa Mabula. Chini yake yalikuwapo maswali. Mwandishi anamwandikia nani? Anaomba radhi kwa kosa gani?

Afisa Elimu aliisoma barua ile kwa mara ya kwanza, ingawa muhuri wake ulikuwa juu yake. Niliona midomo yake ikitembea hadi mstari wa mwisho. Mabula alisimama kando ya ubao, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba ya kumtetea, na nilijua haitafaa kitu.

Afisa Elimu akamnyooshea kidole msichana wa dawati la mbele. Akamwuliza kosa la mwandishi ni lipi.

Msichana alisimama, akakunja mikono kifuani kama walivyofundishwa. "Kosa lake halijaandikwa, mzee," akasema. "Yaliyoandikwa ni ya wengine."

Afisa Elimu aliuangalia ubao tena. Kisha akamwambia aketi, amejibu vizuri. Akatoka. Tukamfuata hadi kwenye gari, Mabula nyuma yangu, akitembea kwa ule mwendo wa msibani. Afisa Elimu alifungua mlango wa gari, akaufunga, akarudi hatua kadhaa, akaangalia pembeni kana kwamba anazungumza na uzio wa minyaa.

"Mwalimu Mabula," akasema, "hiyo karatasi, huna nyingine? Binti yangu yuko darasa la saba kule mjini, na kitabu chao hakina somo la namna hii."

Mabula alimpa. Hakumtaka aandike barua.